Nani Anamlipa Mtani?

Kamwene. Naona mmejifunika makoti kama watu wanaosubiri basi la alfajiri pale Igumbilo. Basi sitawachelewesha, maana Iringa hii ya Julai haina mhadhara mrefu.

Nimeombwa nizungumzie wamiliki wa vyombo vya habari na tashtiti ya siasa, yaani kicheko kinachowasema wakubwa. Nitaanzia msibani, kwa sababu huko ndiko Mhehe anakoonja tashtiti kabla hajajua kusoma. Mngoni, mtani wetu, akija kwenye msiba wetu mmeshamwona. Anavaa koti la marehemu, anaiga mwendo wake, anatangaza kwamba huyu alikuwa bahili, hata kufa amechagua mwezi wa njaa ili watu wasile. Wafiwa wanalia huku wanacheka. Wakati wa kuzika anasimama kaburini hatoki, mpaka watu wachangishane sarafu wampe. (Kicheko.) Babu zetu walipigana na Wangoni karne ya 19, na kilichobaki ni ruhusa hii ya kutukanana bila kugombana.

Sasa tazameni hizo sarafu. Zinatoka kwa yule yule anayetaniwa, mbele ya macho ya watu, maneno yakiwa yameshasemwa. Hakuna mtu wa tatu pale.

Kwenye gazeti mtu wa tatu yupo. Mchora katuni analipwa na kampuni, kampuni inaishi kwa matangazo, na miongoni mwa wanaolipia matangazo mengi nchini ni serikali na mashirika yake. Leseni ya gazeti, tangu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, huhuishwa kila mwaka. Mwenye kampuni naye mara nyingi ana mambo yake mengine mjini: kiwanda, hoteli, tenda. Kila kimoja kina kibali chake na ofisa wake wa kukigonga muhuri. Hata asipopigiwa simu na mtu, mwenye mali anajua pa kukanyaga.

Mnamjua Gado, mchora katuni. Jina lake ni Godfrey Mwampembwa, na ukisikia Mwampembwa tu masikio yanageukia Mbeya. Tangu 1992 alichora Nairobi kwenye magazeti ya Nation. Mwanzoni mwa 2015 gazeti la The East African, la kampuni hiyo hiyo, lilizuiwa kusambazwa Tanzania. Sababu iliyotolewa ni usajili, lakini katuni yake ya Rais Kikwete ilikuwa imeshazua maneno. Baadaye akapewa likizo ndefu, na 2016 mkataba wake haukuendelea. Hakufungwa wala hakupigwa. Kampuni hiyo ndiyo inayomiliki Mwananchi na The Citizen hapa kwetu. Mimi nasoma hivi, na mnaweza kunipinga: ukiwa na magazeti katika nchi mbili, una masikio mengi ya kuvutwa. Na Oktoba 2024 mmeona wenyewe. Kibonzo kifupi cha video cha The Citizen, cha mtu anayebadilisha chaneli za runinga, kila chaneli ina mwananchi anayelilia ndugu yake, kilitosha kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kusimamisha leseni za mtandaoni za kampuni nzima ya Mwananchi kwa siku 30. Hata Mwanaspoti, gazeti la mpira! Mhariri wa kesho akiletewa kibonzo cha namna hiyo, anawaza kwanza mishahara ya watu wa michezo.

Msidhani ni ugonjwa wa Afrika. Kipindi cha vikaragosi cha Les Guignols, ambacho ndicho kilichompa Gado wazo la kuanzisha The XYZ Show kule Kenya mwaka 2009, kiliwasumbua wakubwa wa Ufaransa tangu 1988. Mwaka 2015 tajiri Vincent Bolloré akashika usukani wa Canal+, kituo cha runinga kilichokirusha. Waandishi wa kipindi wakaondolewa, kikasogezwa kwa wenye kulipia tu, na 2018 kikazimika. Marekani, Januari 2025, Ann Telnaes aliacha kazi Washington Post baada ya katuni yake kukataliwa. Alikuwa amechora matajiri wamempigia Trump magoti, na mmoja wao ni Jeff Bezos, mwenye gazeti.

Lakini hao ni wakubwa. Niwaeleze ya kwetu, ya mtu mdogo.

Niliwahi kuandika vichekesho kwenye redio moja ya mkoani, msiniulize ipi. Studio ilikuwa chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi. Kila asubuhi, baada ya taarifa ya habari, tulikuwa na dakika tatu za diwani tuliyemwita Mheshimiwa Kesho. Bomba la maji lini? Kesho. Zahanati lini? Kesho, wananchi wangu. Halafu mwenzangu anapiga ndoo tupu kwa kijiko, ko, ko, ko, na hapo ndipo watu walipokufa mbavu. Madereva wa daladala walipiga mluzi kwa mapigo yale.

Mwenye redio alikuwa mkandarasi wa barabara, na barabara zake zilikuwa za halmashauri. Jumatatu moja alikuja mwenyewe, kaleta maandazi. Akaketi, akacheka, akasifu. Kisha akasema kwa upole kabisa: “Huyu Kesho hawezi kuwa mlevi tu wa kijijini?”

Ndiyo hivyo tu. Hakutisha mtu. Mshahara wangu ulikuwa umechelewa miezi miwili na nilikuwa na mtoto sekondari. Nikasema, sawa, bosi.

Kesho akawa mlevi. Akapewa lafudhi ya Kihehe iliyokolea, akapewa mke wa kumpiga mwiko wa kichwa. Na simu za wasikilizaji ziliongezeka! Muuza mabati akajitokeza kudhamini. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo vitabu vya uandishi havikunifundisha. Tunalalamika kwamba wenye vyombo wanazima kicheko. Hawakizimi, kicheko kinauza matangazo. Wanakigeuza shingo kitazame chini. Washeni runinga leo jioni mhesabu: mshamba aliyepotea stendi, dada wa kazi asiyejua friji, mlinzi Mmasai, mlevi. Mwenye gari la serikali hayumo. Kijana akijaribu kumleta, chawa wanamrukia kabla hata bosi hajaamka.

Najua kuna mtu hapo nyuma atasema, babu, siku hizi tuna simu. Ni kweli, na wapo vijana wanaonichekesha mpaka nalia. Ila mtandao wa X ulifungwa nchini Mei 2025, na hiyo mingine ina wenyewe pia, mbali sana, hata maandazi hawatakuleteeni.

Miezi kadhaa baadaye, msimu wa ulanzi umekolea, nilipita kilabuni kwetu. Mzee mmoja mwenye koti la jeshi alinivuta kiko cha mkono.

“Yule Kesho wenu alikufa lini? Mbona hamkututangazia msiba?”

Nikamwambia hajafa, mzee, ila sasa hivi ni mlevi wa kijijini.

Akaweka kopo lake chini taratibu, akanitazama.

“Kumbe siku hizi mnaniigiza mimi.”