Dishi juu ya mkokoteni wa ng'ombe: ofisi ya Texas Instruments Bangalore ilivyokua

Haya, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Umeme ndo huo umekatika, projekta hamna, kwa hiyo picha nitawaonyesha ukirudi, kwa sasa mi naongea tu. Shikamooni wakubwa niliowaona hapo mbele, na nyie wadogo zangu mambo.

Nimeombwa niongelee kampuni za chipu na zile ofisi zao za softiwea wanazofungua mbali na nyumbani. Nikafikiria nichukue kampuni kumi nipite juu juu, nikaona hapana, tutalala wote. Nachukua moja tu, Texas Instruments ya Marekani na ofisi yake ya Bangalore, India, iliyofunguliwa 1985. Mimi mwenyewe nimesoma Bangalore miaka kadhaa na nilikuwa napita na basi karibu na majengo yao bila kujua humo ndani kuna nini, nikidhani ni watu wa kalkuleta. Si mnazijua zile kalkuleta zao za sekondari? Basi mi nikajua ni hizo.

Kumbe hawa jamaa historia yao inaanzia kwenye mafuta. 1930 walikuwa kampuni ya kutafuta mafuta ardhini kwa mawimbi ya sauti, unalipua baruti kidogo, unasikiliza mwangwi unaorudi, unajua chini kuna nini. Jina la Texas Instruments likaja 1951. Halafu 1958 injinia wao Jack Kilby akaonyesha saketi ya kwanza iliyokaa yote kwenye kipande kimoja, akaja kupewa Nobel mwaka 2000, miaka 42 baadaye, mzee alisubiri. Kwenye miaka ya 80 mwanzoni wakatoa familia ya prosesa za DSP, zile za kuchakata sauti na mawimbi kwa namba, TMS320. Ukiangalia ni kazi ileile ya 1930, kusikiliza mwangwi, ila sasa mwangwi uko ndani ya simu.

Sasa India ya 1985. Vijana mnaiona India ya leo mnadhani ilikuwa hivo tangu zamani. IBM walikuwa wameshaondoka India 1978 baada ya kushindwana na serikali kwenye sheria za umiliki wa makampuni ya nje. Kuingiza kompyuta ilikuwa kibali juu ya kibali na ushuru wa kutisha, simu ya mezani ulikuwa unaomba leo unasubiri miaka. Wahindi walikuwa wanauza softiwea nje tayari, ila kwa njia mbili, ama unampandisha injinia ndege anaenda kukaa kwa mteja Marekani miezi sita, ama unatuma tepu za sumaku kwa ndege. Yaani kazi ilikuwa inasafiri kama mzigo.

Rajiv Gandhi akawa waziri mkuu mwishoni mwa Oktoba 1984, na Novemba mwaka huohuo ikatoka sera mpya ya kompyuta iliyolegeza mambo. Texas Instruments wakaingia hapohapo, na wanahesabiwa kuwa kampuni ya kwanza kubwa ya kimataifa kuweka kituo cha utafiti na uendelezaji India.

Kwa nini Bangalore? Watu watakwambia hali ya hewa, mji uko juu karibu mita 900, hauunguzi kama Chennai, na ni kweli, ila injinia haendi kazini kwa sababu ya upepo. Pale kulikuwa na chuo cha sayansi, IISc, tangu 1909, kiwanda cha ndege HAL tangu 1940, ITI wa simu 1948, BEL wa elektroniki za jeshi 1954, halafu shirika la anga ISRO makao yake hapohapo. Serikali ilikuwa imejaza mji mainjinia kwa miaka arobaini bila kujua kwamba siku moja atakuja mtu wa Texas kuwaajiri. Na mishahara tusidanganyane, injinia wa Bangalore alikuwa anapokea sehemu ndogo ya anachopokea mwenzake wa Dallas, mji wa makao makuu ya kampuni. Hilo ndo lilifungua mlango, hakuna anayelificha.

Shida ikawa waya. Kituo kikae Bangalore, kompyuta kubwa ziko Dallas, mnaongeaje? Jibu lilikuwa satelaiti. Lakini sheria ya mawasiliano ya India ilikuwa imejengwa juu ya sheria ya telegrafu ya mkoloni ya 1885, mtu binafsi haruhusiwi kumiliki kituo cha satelaiti. Kwa hiyo kampuni ikanunua vifaa, ikavileta, halafu vikawa chini ya mamlaka ya serikali ya mawasiliano ya nje, na wao wakavitumia kama mteja. Unanunua gari lako, unamkabidhi mwenye stendi, halafu unamlipa nauli kupanda. Na serikali ilitaka iweze kuangalia kinachopita humo, wasije wakatoa siri za nchi.

Dishi lenyewe likafika ofisini juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Hiyo hadithi kila mtu anaipenda, mpaka kampuni yenyewe inaisimulia. Ila naomba niweke sawa jambo moja kwa sababu nimeona watu wanachanganya, Bangalore ina mikokoteni MIWILI maarufu. Wa kwanza ni wa 1981, ISRO waliweka satelaiti yao ya APPLE juu ya mkokoteni wa ng'ombe kwa sababu walikuwa wanapima antena na hawakutaka chuma karibu, mbao haiwasumbui. Ule ulikuwa ni sayansi kabisa. Huu wa pili wa Texas Instruments ulikuwa ni usafiri tu jamani. Ukisikia mtu anakwambia Wahindi walikosa lori wakabeba satelaiti na ng'ombe, mwambie kaka umechanganya mafaili.

Kasi ya laini za siku zile ilikuwa inahesabiwa kwa kilobiti. Tuseme una kilobiti 64 kwa sekunde, faili la ukubwa wa ile disketi ya megabaiti 1.44 linachukua dakika tatu hivi. Na satelaiti iko juu kilomita elfu 36 kasoro kidogo, ishara ipande ishuke ni robo sekunde, jibu lirudi robo nyingine, kwa hiyo unagonga herufi moja kwenye kompyuta ya Dallas unasubiri nusu sekunde uione. Nusu sekunde sio kitu ukisikia, jaribu kuandika programu nzima hivo uone kama hujapiga meza.

Lakini masaa yaliwasaidia. Majira ya baridi ikiwa saa kumi na mbili jioni Dallas, Bangalore ni saa kumi na moja na nusu alfajiri ya kesho yake. Huyu anafunga anaenda nyumbani, yule anaamka, anaoga, anakuta kazi imelala pale inamsubiri.

Sasa kazi gani? Hapa ndo nataka nikae. Mwanzoni hawakupewa chipu. Walipewa kuandika softiwea za kuchorea chipu, yaani programu ambazo mbunifu wa Dallas anazitumia kupanga transista zake, yaani viswichi vidogo vya umeme ndani ya chipu, na kuhakiki kama saketi itafanya anachotaka. Vijana wengi ukiwaambia andika zana ya mwenzio, wanaona ni kazi ya kijakazi, wanataka kutengeneza prosesa waonekane. Fikiria vizuri lakini. Ukiandika zana ya mbunifu, lazima ujue mbunifu anakosea wapi, anarudia nini, anaogopa nini. Unamjua kuliko anavyojijua. Wale watu wa Bangalore walikuwa wanalipwa kujifunza ubunifu wa chipu kupitia mlango wa jikoni.

Na chipu yenyewe ikitoka kiwandani haijui kitu, ni kipande cha silikoni, kama daladala jipya halina dereva halina konda. Lazima iwe na kompaila inayogeuza lugha ya programu ya C kuwa lugha yake, iwe na draiva (huyu sio wa daladala sasa, ni programu inayoendesha sehemu moja ya chipu), iwe na maktaba za kazi za kawaida, mifano ya programu, bodi ya majaribio, na kitabu cha maelezo ambacho hakidanganyi. Na hivi vyote vinaanza kuandikwa kabla chipu haijakuwepo! Mnaandika kwenye simuleta, programu inayoiga chipu, kitu ambacho chipu itafanya kwa sekunde moja simuleta inaweza kukaa nacho usiku kucha. Halafu siku chipu za kwanza zinafika, kila mtu kasimama kwenye meza moja, mnawasha, na kawaida haiwaki. Hapo inaanza kesi, ni hadiwea au ni softiwea? Kama watu wa softiwea wako jengo moja na watu wa hadiwea kesi inaisha siku hiyo, kama wametenganishwa na bahari mbili inakaa wiki.

Kwa hiyo maoni yangu, na hili ni langu msimlaumu mtu, ofisi ya namna hii haikui siku inapoongezewa watu, inakua siku mteja akipata kosa simu inaita kwao na sio makao makuu. Kabla ya hapo nyie ni mikono tu. Kazi mnaletewa mnamaliza mnarudisha, na akipatikana wa bei rahisi zaidi nchi nyingine mnaagwa.

Bangalore walichukua zaidi ya miaka kumi kufika hapo. Srini Rajam, aliyekuja kuiongoza ofisi ile miaka ya 1990, na wenzake waliisukuma kutoka kwenye zana kwenda kwenye chipu zenyewe, na mwishoni mwa miaka hiyo wakatoa DSP iliyobuniwa hapohapo India, wakaipa jina Ankoor. Kihindi maana yake mche unaochomoza, yaani chipukizi. Sasa sisi Waswahili hapa tuna bahati, chipu yenyewe inaitwa chipukizi, wao wenyewe hawaioni raha hiyo! Ile familia ndo iliyozaa C28x inayotumika kuendesha mota na inveta, kwa hiyo mwenzangu uliyefunga sola nyumbani, usishangae ukiifungua inveta ukakuta mjukuu wake mmoja.

Simu pia. Nokia nyingi za zamani zilikuwa na DSP ya Texas Instruments ndani, na zile simu zilizofuata, N95, N900, mpaka tabuleti ya kwanza ya Kindle Fire, zilibeba prosesa zao za OMAP. Wenye umri wangu N95 mnaikumbuka, ilikuwa simu ya bosi.

Watu wakaanza kutoka. Rajam mwenyewe na wenzake waliondoka 2001 wakaanzisha Ittiam, kampuni ya softiwea za DSP, jina limefupishwa kutoka ule msemo wa Descartes wa nafikiri ndiyo maana nipo. Na majirani walikuwa wameshajaa, Motorola, siku hizo nao wanatengeneza chipu, kituo chao cha softiwea cha Bangalore kilipata daraja la 5 la ubora, la juu kabisa, mwaka 1993, wakati huo duniani karibu hakuna aliyenalo isipokuwa wale wa softiwea ya vyombo vya anga vya Marekani.

Na sio kila kitu kilipanda tu. 2012 kampuni ikatangaza inaachana na kugombania prosesa za simu, Qualcomm na wengine walikuwa wamewabana, na watu waliotengeneza simu wenyewe kama Apple na Samsung wanajibunia chipu zao. Ikakata nafasi za kazi 1,700 duniani. Leo kampuni inaishi kwa chipu za analogi na vidhibiti vidogo, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, bidhaa kama 80,000, vitu vya senti kadhaa ambavyo hakuna anayevipigia picha. Ukiwa umejifunza kuwa mtu wa prosesa ya simu miaka kumi, halafu unaambiwa tumehama, unafanyaje? Wengine walihamia kwenye magari, wengine walienda kwa washindani barabara ya pili tu, ndo faida ya mji uliojaa.

Niwape kisa kimoja changu halafu maswali. Mi naandika femuwea, yaani softiwea inayokaa ndani ya kifaa chenyewe, ya mita za maji za kulipia kabla. Kuna kidhibiti kimoja, cha kampuni nyingine na siitaji, kilikuwa kikiamka kutoka usingizini, ile hali ya kubana umeme, mara moja kwenye maelfu kinaganda. Mara moja tu! Nikahangaika wiki mbili nikidhani ni mimi. Nikawaandikia usiku, sina matumaini. Asubuhi sijafika kazini, jibu lipo, limetoka India, wao wako mbele yetu masaa mawili na nusu tu. Jamaa kaniuliza maswali matatu, volti inashuka kwa kasi gani, kristali ni ipi, na umewasha saa kabla au baada ya rejista fulani. Siku ya pili akaniambia amelifanya litokee kwenye bodi yake, badilisha mpangilio wa mistari miwili. Nikabadilisha. Mpaka leo mita zinatembea. Na lile kosa likaingia kwenye orodha yao ya makosa ya chipu ile, alilolikuta mtu wa mita za maji huku kwetu.

Yule dada mwenye skafu ya kijani, naona umenyoosha mkono muda mrefu. Unauliza yule jamaa alikuwa injinia mkubwa? Hapana, nilimuuliza, aliniambia ana mwaka na nusu kazini, ila draiva ile ya usingizi ni yake, ameiandika yeye, kwa hiyo barua zote zinazohusu usingizi zinaenda kwake hata awe likizo.

Ooh, umeme huo. Haya zimeni taa za huku mbele. Hii ya kwanza ni APPLE, 1981, ule mkokoteni wa sayansi, naomba msichanganye.