Bunduki Hazikuwepo Mwanzoni: Kutunza Historia ya Wanafunzi Weusi wa Cornell

Wazee wangu shikamooni, vijana habari zenu. Hii picha mnayoiona hapa ukutani ilipigwa tarehe 20 Aprili 1969 pale Chuo Kikuu cha Cornell, mji wa Ithaca huko Marekani, na mpiga picha wa shirika la habari la AP anaitwa Steve Starr, mwaka uliofuata ikamletea Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari kule. Vijana weusi wanatoka kwenye jengo la Willard Straight Hall na bunduki mikononi, huyu wa mbele kajivisha mkanda wa risasi. Ukimuuliza mtu leo Cornell kulitokea nini atakwambia wanafunzi weusi waliteka jengo kwa bunduki, basi, imeisha hiyo.

Sio hivo jamani. Wakati wanaingia alfajiri ya tarehe 19 hawakuwa na bunduki. Ilikuwa wikiendi ya wazazi, chuo kimejaa wageni, na jana yake alfajiri mtu alichoma msalaba mbele ya Wari House, nyumba waliyokuwa wanaishi mabinti weusi, na msalaba unaowaka kwa mtu mweusi wa Marekani ni salamu ya Ku Klux Klan, watu waliokuwa wanaua kweli. Halafu wakiwa ndani wakavamiwa na vijana wazungu wa Delta Upsilon, chama cha wanafunzi wa kiume pale chuoni, wakapigana nao wakawatoa, tetesi zikazagaa kwamba kuna wengine wanakuja na silaha, hapo ndo bunduki zikaingizwa. Walikaa mle kama saa 36, na hakuna risasi hata moja iliyofyatuliwa.

Sasa haya yote hayamo kwenye picha. Msalaba haumo, madai yao ya kutaka masomo ya watu weusi hayamo, wala adhabu walizokuwa wamepewa wenzao. Mtu aliyebaki na picha peke yake amebaki na dakika ya mwisho tu ya habari ndefu.

Na makaratasi nayo yana mkasa wake, hili huwa linaniuma sana. Kituo walichokipigania, Africana Studies and Research Center, kilianza mwaka huohuo 1969 chini ya James Turner. Tarehe 1 Aprili 1970, hata mwaka haujatimia tangu watoke Straight, jengo la kituo likachomwa moto kwa makusudi. Vitabu, mafaili, kazi za watu, vikawa majivu. Kwa hiyo sehemu ya historia hii haikupotea kwa uzembe, iliunguzwa, na kilichobaki ni vichwa vya waliokuwepo. Turner mwenyewe alifariki 2022.

Mtaniuliza sisi inatuhusu nini. Mwaka 1972 pale Cornell likafunguliwa bweni likaitwa Ujamaa, na lipo mpaka leo, na Kiswahili kikafundishwa Africana, yani wale vijana walipotafuta jina la nyumba yao walikuja kulichukua kwetu. Hao ni ndugu.

Mimi baba yangu alikuwa kwenye harakati za wanafunzi enzi zake, alipofariki tukasafisha chumba, boksi zima la vipeperushi tukawashia jiko tuna haraka ya kupika chakula cha msiba. Sikujua. Mpaka leo nikiona kipeperushi cha zamani moyo unashtuka.

Ndo maana nawaomba, rekodini sauti, na ukikaa na mzee usianze na bunduki, anza na ile nyumba ya mabinti, muulize alikuwa amelala wapi usiku ule, nani alimwambia, aliogopa nini. Nyuma ya kila picha andika majina kwa penseli. Ukishaskani weka nakala sehemu mbili tofauti, na usikipe chuo kila kitu, maana chuo kilikuwa upande mmoja wa ugomvi.

Kuna Thomas Jones, mmoja wa viongozi wa siku ile, baadae akawa kwenye bodi ya Cornell, na 1995 akaanzisha tuzo kwa jina la James Perkins, yuleyule rais wa chuo aliyeachia ngazi baada ya sakata lile. Safari ya moyo wa mtu kufika hapo hakuna faili litakalokueleza, inabidi umsikie mwenyewe.

Pale mlangoni nimeweka skana na kinasa sauti. Mwenye bahasha ya picha au makaratasi ya zamani aje nayo, mwenye mzee nyumbani aniachie namba, nitamfuata mimi.