HMS Petard: Saa Nane na Nusu Mchana

Asanteni. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie meli moja tu ya vita, nami nimeichagua Petard. Waingereza wakiisimulia, huanzia Bahari ya Mediterania. Huko nitapita haraka, maana sisi watu wa Mombasa tuna la kwetu la kuikumbukia.

Ilishushwa majini kaskazini mwa Uingereza mwaka 1941. Tarehe 30 Oktoba 1942, ikishirikiana na manowari wenzake, iliiwinda nyambizi ya Kijerumani U-559 mpaka ikaibuka usiku. Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier waliingia ndani ya nyambizi hiyo huku inazama, wakawa wanampokeza vitabu vya siri Tommy Brown, kijana wa miaka 16 aliyekuwa mhudumu wa kantini, wala hakuwa mwanamaji. Vitabu vilitoka. Fasson na Grazier hawakutoka. Kufikia Desemba, wataalamu wa Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kufumbua misimbo ya siri, walikuwa wakisoma tena siri za nyambizi za Atlantiki, baada ya miezi kumi ya kupapasa gizani.

Sasa twende Kilindini. Tarehe 5 Februari 1944 msafara wa KR 8 uling'oa nanga kuelekea Colombo, meli tano zimejaa askari. Mojawapo, Khedive Ismail, ilibeba watu 1,511. Wapatao 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwamo pia wauguzi wanawake. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, saa nane na nusu mchana, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Ilizama kwa muda usiozidi dakika tatu. Aliyewahi kupanda ngazi za meli kubwa akitokea vyumba vya chini anajua dakika hizo zinamfikisha wapi.

Hapa tukae kidogo. Nyambizi ilijificha chini ya watu walewale waliokuwa wakielea. Kamanda Rupert Egan wa Petard, iliyokuwa ikiusindikiza msafara, alikuwa na meli nyingine nne za askari mgongoni. Akianza kuokoa, I-27 ingepata nafasi ya kulenga tena. Akishambulia, bomu la kina, lile linalolipuka chini ya maji, halichagui: mshindo wake majini hupasua matumbo na mapafu ya aliye karibu. Aliamuru mabomu yamwagwe. Nimewasikia wanaomlaani na wanaomtetea. Mimi simlaumu, kazi ya msindikizaji ni kulinda kilichobaki; ila linaloniudhi ni pale kisa hiki kinaposimuliwa kama ushindi tu, wale waliokuwa majini wakitajwa kwa nusu sentensi.

I-27 iliibuka. Manowari ya pili ya wasindikizaji, Paladin, ilijaribu kuigonga, ikajikuta imechanwa ubavuni. Makombora ya Petard hayakuweza kulitoboa gamba la nyambizi ile. Zikabaki topido: ya kwanza ikakosa, ya pili ikakosa, hivyo hivyo hadi ya sita. Ya saba ikaipasua.

Kisha Petard ikaifunga Paladin kamba, ikaikokota hadi Addu Atoll, kusini mwa Maldivi. Waliookolewa kutoka Khedive Ismail walikuwa wanaume 208 na wanawake 6.