Ua la Pasaka: jinsi ya kulitambua vilimani South Dakota

Ndugu zangu, habari za mchana. Wenye watoto katika shule za hapa South Dakota huenda mmeshaletewa nyumbani picha ya ua la Pasaka, liitwalo kwa Kiingereza pasque flower, mtoto kalipaka rangi, maana ndilo ua rasmi la jimbo tangu 1903. Ng'ambo ya mpaka wa Kanada, jimbo la Manitoba nalo lilijichagulia ua hilihili mwaka 1906. Hata hivyo wengi wanaolijua kwenye karatasi hulipita porini wasilitambue, na hilo ndilo tunalolizungumza leo.

Kinachowaponza watu ni rangi. Mtu ameambiwa ua la Pasaka ni la zambarau, basi kila akiona zambarau anaita wenzake. Rangi ya ua hili haina msimamo: mengine yamekolea, mengine yamepauka hadi kukaribia weupe, na yote utayakuta kilima kimoja. Mimi rangi naiita mwisho, baada ya mashahidi wengine wote kusema.

Shahidi wa kwanza ni ardhi. Prairi, yaani zile nyanda za nyasi za katikati ya Marekani, sehemu kubwa zimekwisha kulimwa. Jirani zetu wa Iowa wamebakiwa na chini ya asilimia 0.1 ya prairi yao ya asili. Ua hili halipatani na jembe. Usihangaike nalo kwenye shamba la mahindi wala bondeni penye tope. Panda kilima kikavu chenye changarawe au mchanga, ambacho hakijawahi kulimwa. Tena nenda Aprili, nyasi zikiwa bado kavu, za mwaka uliopita. Kwetu tumezoea mvua ndiyo iyaite maua. Hapa ni joto linaloanza kurudi, na ua la Pasaka halingoji hata nyasi zichipue. Jua likiwaka linafunguka, mawingu yakitanda au usiku ukiingia linajifunga.

Sasa piga magoti. Sifanyi mzaha, maana linapochanua huwa na kimo cha sentimita 5 hadi 15 tu. Tazama shina: limejaa vinyweleo laini vyenye rangi ya fedha, utadhani umeshika kifaranga aliyeanguliwa jana. Chini ya ua kuna duara la vijani vilivyochanika vipande vyembamba, navyo vina vinyweleo vilevile. Yale majani yenyewe, yanayotoka chini karibu na mzizi, mara nyingi bado hayajakunjuka. Ua limetangulia, majani yanafuata.

Kisha hesabu. Zile sehemu za rangi, ambazo kila mtu huziita petali, si petali. Ua hili halina petali hata moja. Hizo ni sepali, yaani zile sehemu za nje ambazo kwenye maua mengi ni za kijani na hulifunika tumba, 5 hadi 7, na mara nyingi 6. Ligeuze uone mgongo wake, utakuta vinyweleo huko pia. Katikati zimesongamana stameni, yaani vile vijiti vya chavua, za njano, nyingi mno. Na kila shina hubeba ua moja.

Hesabu hiyo ina kazi. Yuko ndugu yake, Anemone caroliniana, anayechanua karibu msimu uohuo, naye ana zambarau na weupe pia. Lakini sepali zake ni nyembamba na hufika 10 hadi 20. Kanada wengine huliita ua letu krokasi ya prairi, na jina hilo limewapoteza watu. Krokasi yenyewe, ua la bustanini, ina stameni 3 tu, na majani membamba yenye mstari mweupe katikati. Ukihesabu stameni 3, umeingia bustani ya mtu.

Mkifungua vitabu mtaona vingine vimeliandika Anemone patens, vingine vimeliweka katika Pulsatilla. Wataalamu wana ugomvi wao. Mmea ni uleule.

Mzee mmoja ameniuliza hapa mlangoni: je, nikichelewa hadi Juni? Mzee wangu, hapo sepali zimeshaanguka, shina limerefuka, huenda limefika sentimita 40, na juu yake kuna mbegu zenye mikia mirefu ya manyoya. Tahadhari hapo na mmea mwingine, Geum triflorum, kwa sababu nayo ina mikia ya namna hiyo. Hiyo kwa kawaida hubeba maua 3 kwa shina, ya rangi ya waridi, yameinama, na majani yake yana vijani vilivyopangana pande mbili za kikonyo.

Wenye programu za simu, msiipe simu picha ya juu peke yake, itabahatisha. Piga uso wa ua, mgongo wake, halafu shina zima na ardhi lilipoota.

Msilitafune wala kulisugua mkononi. Utomvu wake una protoanemonini, huwasha na kutoa malengelenge. Wala msiling'oe. Mzizi wake huzama sana, na mara nyingi mmea hufa ukihamishwa. Anayetaka ua la namna hii uani kwake anunue lile la Ulaya, Pulsatilla vulgaris, linalouzwa kwenye vitalu. Zambarau yake kwa kawaida imekolea kuliko ya hili letu, na lipo hata jekundu. Hilo jekundu ukilikuta, ujue kuna mtu amelipanda. Haya, maswali.