Kupeleka Sauti ya Simu kwenye Spika Pasipo Mtandao wa Nyumbani

Asalamu alaikum, watazamaji wetu wa Unguja, Pemba na popote mlipo. Katika video hii tutaonesha namna ya kupeleka sauti kutoka kwenye simu hadi kwenye spika, na kisha hadi kwenye kompyuta, bila ya waya na bila ya kuwa na ruta nyumbani, yaani kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi. Tumo ndani ya nyumba ya ghorofa Mji Mkongwe, na mfano wetu ni darsa lililokwisha rekodiwa na kuhifadhiwa kwenye simu, ambalo wenye nyumba wanataka lisikike ukumbini na pia darini.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Wi-Fi ni mawimbi ya redio yanayounganisha kifaa na kifaa, ilhali intaneti ni huduma inayoweza kupitia humo, wala si lazima ipitie. Faili likiwa tayari limo kwenye simu, sauti yake husafiri hadi kwenye spika pasipo kugusa kifurushi chako.

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo itakayowatosha wengi wenu, ni Bluetooth. Washa spika. Ikiwa ina kitufe chenye alama ya Bluetooth, kibonyeze na ukishikilie mpaka taa ianze kumetameta kwa haraka. Spika nyingi za bei nafuu zinazouzwa Darajani hazina kitufe hicho, bali zina kitufe cha herufi M kinachobadilisha baina ya redio, flashi na Bluetooth; ukifika mahali pake utasikia sauti ya Kiingereza, aghalabu kubwa kuliko inavyohitajika, ikitangaza kwamba iko tayari. Sasa chukua simu, fungua Mipangilio, ingia Vifaa vilivyounganishwa, kisha gusa Oanisha kifaa kipya. Jina la spika likitokea, liguse na ukubali. Ukiulizwa nambari ya siri, jaribu 0000 au 1234.

Jina lisipotokea, usikimbilie kuilaumu spika. Mara nyingi imekwisha shikana na simu nyengine iliyowahi kuoanishwa nayo, pengine ya kijana aliyeitumia jana na ambaye sasa amekaa zake barazani bila ya habari. Mwambieni azime Bluetooth yake, kisha rudieni hatua zile zile.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa sana katika nyumba zetu. Simu na spika ndogo kwa kawaida huwasiliana kwa umbali wa takriban mita 10 mahali palipo wazi, lakini kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, tena ni nene, na mawimbi ya gigahezi 2.4 hupungua nguvu kila yanapozipita. Tazameni: spika iko ukumbini, nami natoka na simu kuelekea kwenye ngazi, sauti inaanza kukatika, na nikipinda kona inanyamaza kabisa. Hata mwili wa mtu, kwa maji yaliyomo ndani yake, huyameza mawimbi hayo, kwa hiyo simu iliyomo mfukoni haifanyi kazi vizuri kama iliyowekwa juu ya rafu. Iacheni simu chumba kimoja na spika. Kabla ya darsa kuanza, washeni Hali ya ndegeni kisha muiwashe tena Bluetooth peke yake, ili asipige mtu simu na mlio wake ukajaa ukumbi mzima.

Sasa darini, ambako Bluetooth haifiki, kuna kompyuta ya mkononi. Hapo tutaifanya simu yenyewe kuwa ruta. Zima data ya simu, kisha fungua Mipangilio, Mtandao na intaneti, na uwashe Mtandaopepe wa Wi-Fi, ukiupa nenosiri lisilopungua herufi 8. Kwenye kompyuta, uchague mtandao huo. Itakuonya kwamba hakuna intaneti, usijali, hatuihitaji. Windows ikiuliza aina ya mtandao, chagua wa faragha, la sivyo kinga yake inaweza kuzuia vifaa visionane.

Kwenye simu ya Android tunatumia BubbleUPnP, programu inayoyafanya mafaili ya simu yaonekane na vifaa vyengine vya mtandao huo, na kwenye kompyuta VLC, programu ya kuchezesha sauti na video. Zote mbili zipakueni mapema, pale mnapokuwa na intaneti. Ndani ya BubbleUPnP, ruhusu maktaba ya simu ionekane na vifaa vyengine. Kisha katika VLC fungua orodha ya kuchezesha, shuka mpaka sehemu ya mtandao wa ndani, na uchague Universal Plug'n'Play, yaani njia ya vifaa vya mtandao mmoja kutambuana vyenyewe. Subiri kidogo, jina la simu litatokea, na ndani yake mtalikuta darsa letu. Wenye iPhone na Apple TV, kisanduku cha Apple kinachounganishwa na televisheni, wana njia fupi zaidi, kwani tangu iOS 8 ya mwaka 2014 vifaa hivyo, vikiwa vya matoleo yanayokubali, huzungumza moja kwa moja kwa AirPlay, njia ya Apple ya kupeleka sauti na picha, bila ya ruta. Chromecast, kifaa cha Google kinachochomekwa kwenye televisheni, siishauri kwa kazi hii, kwa kuwa yenyewe hupenda kuchota sauti na picha kutoka intaneti.

Njia hizi zina faida nyengine: umeme ukikatika, ruta huzimika pamoja na taa, lakini simu na spika ya chaji huendelea. Waliokuwepo Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima kilipokaa bila ya umeme kwa takriban miezi mitatu, hawahitaji maelezo zaidi.

Mkimaliza, zimeni mtandaopepe kwanza, ndipo muiwashe tena data ya simu. Mkiugeuza mpangilio huo, kompyuta iliyoko darini itapata intaneti kupitia simu yenu, na huenda ikaanza kupakua masasisho yake kwa kifurushi chenu bila ya kuuliza.