Swali la Nne Uliliacha Tupu

RASHIDI: Assalamu alaykum wasikilizaji wetu, karibuni. Tupo Ngamiani, Tanga, dirisha liko wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo kengele za baiskeli mtazisikia. Shikamoo Bi Zuhura.

BI ZUHURA: Marahaba mwanangu. Hujambo?

RASHIDI: Sijambo.

BI ZUHURA: Mkeo hajambo? Watoto?

RASHIDI: Wazima wote, alhamdulillahi.

BI ZUHURA: Na kazi?

RASHIDI: Salama.

BI ZUHURA: Haya. Wasikilizaji, mmemsikia. Na mimi hapa mkononi nina karatasi ya kupima msongo wa mawazo aliyoijaza jana usiku, nayo haisemi salama. Salamu zetu nazipenda, nimelelewa nazo, lakini ni adabu. Mtu hujibu "salama" hata kama hajalala siku tatu.

RASHIDI: Niseme jambo moja kwanza. Mimi siumwi. Saa 2 asubuhi duka langu la vifaa vya baiskeli limefunguliwa, nakula vizuri, naswali, jioni nacheza na wanangu. Bi Zuhura aliponiambia nijipime msongo wa mawazo, niliona hayo ni mambo ya wagonjwa.

BI ZUHURA: Miaka yangu ya uuguzi ndiyo iliyonitoa kwenye fikra hiyo. Tulikuwa tunakuta mtu presha iko juu, hajui ilianza lini, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpima alipokuwa mzima. Haya maswali 10 yametokana na kipimo cha mwanasaikolojia Sheldon Cohen na wenzake wawili, Marekani, mwaka 1983. Mwanzoni yalikuwa 14. Yanamhusu mtu yeyote, na hayatambui ugonjwa. Yanakuuliza tu: katika mwezi uliopita, ni mara ngapi uliona mambo yamekutoka mikononi? Mara ngapi shida zimerundikana hadi ukaona hutaziweza? Mara ngapi umekasirishwa na jambo ambalo huna uwezo nalo?

RASHIDI: Nilitegemea niulizwe yaliyonipata. Deni, msiba, mwenye fremu anayetaka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Hakuna hata moja.

BI ZUHURA: Kipimo cha aina hiyo kipo. Thomas Holmes na Richard Rahe walikitoa mwaka 1967, matukio 43, kila moja na alama zake. Kufiwa na mwenzi ni 100. Talaka 73. Kuoa au kuolewa 50.

RASHIDI: Harusi nayo imo?

BI ZUHURA: Imo, na ni haki yake. Muulize bibi harusi aliyewekwa ndani wiki nzima, singo asubuhi, hina jioni, na kila shangazi ana neno lake. Jambo la heri nalo linauchosha mwili. Lakini mimi kipimo hicho hakinitoshi. Wajane wawili, mmoja mlango wake haufungwi kwa ndugu na majirani, mwingine hana wa kumgongea. Kwenye karatasi wote wana 100. Halafu kuna vile vitu vidogo vidogo.

RASHIDI: Vidogo ndivyo vinavyonimaliza mimi. Mzigo wa matairi umekwama njiani. Mteja anachukua mnyororo, anasema "andika daftarini", wiki ya tatu hii. Maji yamekatika, ndoo zote tupu. Hakuna hata kimoja ambacho ningekuja kukusimulia.

BI ZUHURA: Na mwaka 1981 kundi la mwanasaikolojia Richard Lazarus lilionyesha kwamba karaha hizo za kila siku zinaeleza afya ya akili ya mtu vizuri kuliko yale matukio makubwa. Kwa hiyo usizidharau. Sasa waeleze watu unavyohesabu, maana hapo wengi hukosea.

RASHIDI: Kila swali unajipa kuanzia 0, yaani kamwe, mpaka 4, yaani mara nyingi sana. Ila maswali manne, la 4, la 5, la 7 na la 8, yanauliza mazuri, kwa hiyo alama zake unazigeuza. Ukiandika 4 inahesabiwa 0, ukiandika 1 inahesabiwa 3. Jumla haizidi 40.

BI ZUHURA: Wengi hugawa hivi: 0 mpaka 13 msongo mdogo, 14 mpaka 26 wa wastani, 27 kwenda juu mkubwa. Huo si mpaka wa daktari. Faida yake ni kujilinganisha wewe na wewe, mwezi huu na mwezi ujao.

RASHIDI: Mimi nimepata 19.

BI ZUHURA: 19 kwa maswali 9. Swali la nne uliliacha tupu. Tutalirudia. Niambie unafanya nini mambo yakikuzidi.

RASHIDI: Najikaza. Baada ya isha nakwenda barazani, tunakunywa kahawa, tunaangalia bao, nacheka. Nikirudi nalala. Saa 9 usiku macho yako wazi. Nashika simu, naangalia video za watu wanatengeneza baiskeli za zamani, mpaka adhana. Asubuhi taya linauma, huku pembeni, chini ya sikio. Mke wangu anasema nasaga meno.

BI ZUHURA: Vikombe vingapi vya kahawa?

RASHIDI: Vile vidogo... vinne. Vitano siku ya Coastal Union kucheza.

BI ZUHURA: Saa ngapi?

RASHIDI: Saa 3 usiku, au saa 4.

BI ZUHURA: Kafeini, kwa mtu mzima wa kawaida, huchukua kama saa 5 hivi nusu yake kutoka mwilini. Ukinywa saa 4 usiku, saa 9 nusu bado iko kwenye damu. Sasa sikia, hapa ndipo watu wanapoharibu. Atakuja mtu akwambie acha baraza. Mimi sikwambii hivyo! Tabia moja ina vitu viwili ndani yake. Pale kuna wenzako, kuna kicheko, kuna yule mzee anayekuuliza kama umeshakula. Hiyo ni dawa. Na kuna kafeini. Zitenganishe. Muuza kahawa ana birika la tangawizi pia, si anayo?

RASHIDI: Anayo.

BI ZUHURA: Basi kunywa tangawizi, kashata zako pale pale. Mwanasaikolojia Charles Carver, mwaka 1997, alitunga orodha fupi ya sentensi 28, njia 14 ambazo watu hukabili shida, kila njia sentensi mbili. Kupanga, kuomba msaada, kukubali, dua, kujilaumu, kukana, kujisahaulisha, vilevi. Ninachokipenda ni kwamba haina jumla moja. Haikwambii wewe ni hodari au dhaifu. Kila njia unaitazama peke yake, unajiuliza asubuhi imekuachaje.

RASHIDI: Wewe zako ni zipi, Bi Zuhura?

BI ZUHURA: Alipofariki baba watoto, nilikaa eda, miezi minne na siku kumi. Nyumba ilijaa. Walipika wao, walilala hapo hapo sebuleni. Eda ilipokwisha kila mtu akarudi kwake, na mimi nikaanza kufua. Mapazia. Nafua, naanika, nakunja, kesho nayatoa kabatini nayafua tena. Vidole vilichubuka kwa sabuni. Majirani wakanisifu, "Bi Zuhura msafi." Nilikuwa sitaki kuketi kwenye kile kiti cha kamba mbele ya kiti cha marehemu. Kwa macho ya watu ilikuwa bidii. Ilikuwa kukwepa.

RASHIDI: Uliachaje?

BI ZUHURA: Shoga yangu mmoja alikuja, akakaa kwenye kile kiti bila kuuliza. Akasema, "Nieleze alivyokuwa." Nikaeleza mpaka magharibi.

RASHIDI: Mimi nilidhani dua inatosha.

BI ZUHURA: Dua inatuliza moyo, usiiache. Lakini Mtume alimwambia yule bwana amfunge ngamia wake kwanza, kisha atawakali. Yule Lazarus na mwenzake Susan Folkman, mwaka 1984, nao walitenganisha: kuna kuishughulikia shida yenyewe, na kuna kuutuliza moyo. Msiba huwezi kuurekebisha, unautuliza moyo. Kodi ya fremu inazungumzika. Umezungumza na mwenye nayo?

RASHIDI: Bado. Nampita upande wa pili wa barabara.

BI ZUHURA: Mwombe umlipe mitatu mitatu. Akikataa, angalau unajua. Na wasikilizaji, kama huzuni imekaa wiki mbili haiondoki, au mtu anawaza kujidhuru, asijaze karatasi yoyote. Aende kituo cha afya leo, na asiende peke yake.

RASHIDI: Hilo walisikie vizuri.

BI ZUHURA: Sasa swali la nne. Mwezi uliopita, ni mara ngapi ulikuwa na imani kwamba unaweza kuyamudu mambo yako mwenyewe?

RASHIDI: ...

BI ZUHURA: Chukua muda wako.

RASHIDI: Moja. Karibu hakuna.

BI ZUHURA: Ikigeuzwa ni 3. Basi una 22. Nani mwingine anajua habari ya hiyo kodi?

RASHIDI: Hakuna.

BI ZUHURA: Mkeo?

RASHIDI: Anajua nasaga meno tu.

BI ZUHURA: Eeh.

RASHIDI: Leo sipiti barazani. Nikitoka isha naenda moja kwa moja nyumbani, kabla watoto hawajalala. Tukishawalaza, namwambia.