Kwa Roboti ya Kwanza, Achaneni na Pangaboi

Asanteni, kaeni. Michoro ya roboti za mapambano mliyoniletea asubuhi nimeiona yote. Karibu kila mmoja una kitu kilekile mbele: kisu kinachozunguka, ambacho nyie wenyewe mnakiita pangaboi. Magurudumu yamechorwa harakaharaka, betri haina mahali pa kukaa, na waya hakuna aliyezikumbuka. Nimelisema jambo hili kwa vikundi vilivyowatangulia na nitalisema tena leo. Mwenye hela kidogo anayejenga roboti yake ya kwanza ya mapambano ajenge kabari. Yaani roboti yenye bamba la mteremko mbele la kumwingia mwenzake chini. Kabari tupu, bila kisu. Hela yake iende kwenye vitu vinavyoitembeza roboti na kuifanya itii rimoti.

Historia ya mchezo huu siirudii, video mmeshaangalia mpaka mabando yameisha. Ila kuna mambo video hizo zinayapita mbio kwa sababu hayatoi cheche, na hapo nitakaa.

Mwaka 1994 Marc Thorpe aliandaa Robot Wars ya kwanza, mashindano ya roboti kupigana, pale Fort Mason, San Francisco. Mwaka uliofuata wakaja mabinamu wawili, Trey Roski na Greg Munson, na roboti yao waliyoiita La Machine. Ilikuwa kabari. Bamba la mteremko mbele, mota zenye nguvu nyuma, basi. Ilikuwa inajipenyeza chini ya mwenzake, inamnyanyua magurudumu yakibaki hewani, inampeleka ukutani kwa kasi. Sasa wewe una msumeno wa bei mbaya, lakini magurudumu yako hayagusi sakafu; huo msumeno utakusaidia nini? Na hao Roski na Munson ndio walioanzisha BattleBots mwaka 1999. Watu waliotuletea mashindano yenye cheche nyingi kuliko yote walijifunzia kwenye kabari.

Mfano wa pili naupenda zaidi. Robot Wars ya Uingereza, kile kipindi cha runinga, msimu wa saba, ilikuwepo roboti inaitwa Storm 2. Boksi fupi, pana, lenye mteremko mbele na mwendo wa hatari. Waandaaji walitaka kila roboti iwe na silaha inayojongea, kwa hiyo wenye roboti wakaipachika mkono mdogo wa kunyanyulia ili sheria itimie. Silaha yao hasa ilikuwa dereva. Itazameni tena, lakini safari hii msiangalie roboti inayopigwa, angalieni jinsi Storm inavyogeuka. Haizunguki ovyo kumtafuta adui. Inakata kona, inamkuta akiwa bado anageuza, inampiga ubavuni. Ikifika ukutani inarudi nyuma hatua moja na kumrudia kabla hajatulia. Ule ni ufundi wa mtu aliyekaa na rimoti mkononi jioni nyingi, na haununuliwi dukani.

Najua kuna mtu anataka kuniambia, "Mwalimu, lakini Storm 2 si ilifungwa fainali?" Ilifungwa, kweli. Ilifungwa na Typhoon 2, ambayo ni pangaboi mwili mzima, gamba lote linazunguka. Lakini ilifungwa kwa uamuzi wa majaji, na wapenzi wa mchezo wanaubishania uamuzi huo mpaka leo. Muda unaisha, Storm 2 bado inatembea. Na msimu huohuo ilibeba ubingwa wa dunia wa Robot Wars. Boksi la kusukumia! Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba kabari ni roboti ya watoto.

Turudi kwenye pangaboi, tulipigie hesabu badala ya kulichukia bure. Chukueni uzani tutakaoanza nao sisi, gramu 150. Weka mbele kipande cha chuma cha gramu 30, urefu sentimita 10, kizunguke mara 10,000 kwa dakika. Nishati yake ni nusu ya inesha, yaani ugumu wa kitu kuzungushwa, mara kasi ya mzunguko kipeo cha pili, mnaijua hiyo. Unapata kama jouli 14. Jouli 14 zinatosha kuirusha roboti nzima ya gramu 150 zaidi ya mita tisa kwenda juu, kupita paa la ukumbi huu. Ni pigo kubwa kweli, sibishi. Lakini Newton hakusema pigo linaenda upande mmoja. Kipigo unachompa mwenzako kinarudi kwenye mhimili wako, kwenye beringi zako, kwenye skrubu zako, kwenye kile kiungo cha waya ulichounga saa sita usiku. Roboti ya pangaboi inabidi iwe imara kuliko zote ulingoni kwa sababu inajipiga yenyewe kila inapopiga. Na wewe ndiyo kwanza unajifunza kuunga waya.

Halafu kuna ulingo, na hapa ndipo ninapokosa subira kabisa. Mkijenga kabari, ulingo wenu unaweza kuwa ubao wa plaiwudi wenye ukingo na shimo pembeni la kumsukumia mwenzako. Mkiwasha pangaboi hata moja, mnahitaji boksi lililofungwa pande zote na juu, la polikaboneti, plastiki ngumu inayoonyesha isiyopasuka kirahisi. Siyo akriliki, ile ya mabango ya maduka: ikipigwa inapasuka vipande vyenye ncha, na kipande kinaruka usoni kwa mtu. Siyo yale mabati ya plastiki ya kupitishia mwanga darini. Polikaboneti yenyewe, nene, na bei yake mkaulizie wenyewe kabla hamjanijibu. Kikundi kitakachotumia hela ya roboti kununulia ulingo hakitakuwa na roboti.

Haya, hela. Tuseme mko wanne na mmejichanga laki mbili. Rimoti na chaja msizihesabu kwenye roboti. Ni mali ya klabu, zitatumika miaka. Rimoti ziwe mbili, maana pambano lina madereva wawili, hilo watu hulisahau kila mara. Katika hiyo laki mbili, nusu iende kwenye mota, kadi ya kuziendesha na resiva ya kupokea amri za rimoti. Mota zile ndogo za N20 zenye giaboksi ya chuma, moja ina uzito wa gramu 10 hivi. Nunueni za akiba kwa sababu meno ya giaboksi yatanyolewa, hilo halina ubishi. Msininyofolee mota kwenye gari la rimoti la mtoto mkaniambia mmeokoa hela. Mota zile hazina nguvu ya kusukuma, na mtoto mmemuonea.

Mwili wa roboti ndiyo mahali pa kubana. Nendeni mkanunue kibao cha plastiki cha kukatia mboga, kile cheupe, chenye utelezi kidogo mkononi. Plastiki ile haipasuki, inabonyea tu na kurudi, na unaikata kwa msumeno wa kawaida. Ukitaka kuhakikisha, kata kipande ukitie kwenye bakuli la maji. Kikielea, umepata. Akriliki, polikaboneti na PVC zinazama. Kipande cha sentimita 10 kwa 10, unene milimita 5, kina gramu 47 au 48, kwa hiyo bado una nafasi ya kutosha ya mota na betri. Ila gundi za kawaida hazishiki juu yake, msijisumbue. Toboa, tia skrubu.

Mbele, kwenye kabari yenyewe, tumieni lile bamba jembamba la chuma ambalo mafundi rangi hupakia puti. Linapinda na kurudi. Msilikaze moja kwa moja. Liwekeni kwenye bawaba ili ukingo wake ulale sakafuni kwa uzito wake wenyewe. Chukua karatasi ya daftari, ijaribu chini ya ukingo ule. Karatasi ikipita, basi na kabari ya mwenzako itapita. Kaa hapo na tupa ya kunolea mpaka karatasi igome. Mtu anaweza kumaliza mchana mzima kwenye ukingo huo, na ni mchana uliotumika vizuri kuliko kupaka rangi na kubandika majina.

Magurudumu kateni kwenye sponji ya ndala. Nyepesi, inavumilia kipigo, inashika sakafu. Lakini vumbi likiingia, mshiko umekwisha, kwa hiyo kitambaa chenye maji kidogo kikae mfukoni na magurudumu yafutwe kabla ya kila pambano.

Sasa waya. Roboti nyingi zinazosimama katikati ya pambano hazikukatwa na mtu. Plagi imechomoka, au kiungo cha risasi, ile ya kuyeyusha kuungia waya, kimeachia. Watu wanafungua, wanaona waya unaning'inia, wanasema bahati mbaya. Bahati haikuhusika. Kila waya ufungwe kwenye mwili karibu na pale ulipoungwa, ili ukivutwa mvuto uishie kwenye kifungo usifike kwenye risasi. Ukimaliza, ishike roboti usawa wa kiuno, uiachie ianguke sakafuni. Ndiyo, kusudi. Kisha iendeshe. Halafu iangushe kwa ubavu, iendeshe tena. Nawaona mnavyonikodolea macho. Ulingoni mwenzako hatakuuliza kama uko tayari, bora ianguke leo mkiwa na chombo cha kuungia waya mezani.

Na muwe na wiki mbili za kuendesha tu, bila kubadilisha chochote. Wekeni chupa za maji sakafuni, pitisheni roboti katikati, mbele na kinyumenyume. Roboti ikiwa inakuja kukuelekea, kushoto kwake ni kulia kwako. Kila mtu analijua hilo mpaka adui aingie.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuzungumzia vinyanyuzi na uchapishaji wa 3D, havitawezekana leo. Haraka haraka, kwa sababu ya usalama.

Uzani. Majina yanachanganya: kinachoitwa antweight Uingereza ni gramu 150, na roboti mwanzoni iingie kwenye mchemraba wa inchi 4. Marekani jina hilohilo ni ratili moja, gramu 454. Mkiagiza vifaa au kusoma maelekezo, angalieni gramu, achaneni na jina.

Betri za lithiamu. Seli mbili zikiungwa kwa mfuatano zinajaa kwenye volti 8.4, hazipiti hapo. Kila seli isishuke chini ya volti 3. Chaja iwe ya kusawazisha seli, na mtu akae nayo mpaka imalize, asiende kula. Betri iliyovimba haitumiki tena, hata kama bado inawasha roboti. Ndoo ya mchanga iwe chumbani, kwa ajili ya moto.

Swichi kuu ifikiwe kutoka nje bila kufungua skrubu. Na kabla ya pambano lolote, roboti ikiwa imenyanyuliwa na magurudumu yanazunguka, zima rimoti. Magurudumu yasiposimama papo hapo, roboti hiyo haiingii ulingoni, na hilo silijadili na mtu. Haya, maswali.